Uchungu wa Mzazi Aujuaye Nani?

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, tumeinakili ubaoni shuleni, na wengine wetu tumeitia katika mashairi bila ya kuipima. Maana yake ya kwanza haina mzozo: aliyebeba ndiye ajuaye uzito. Lakini methali ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ikienda mbele yamheshimu mama. Ikirudi nyuma yatupa sisi wengine ruhusa ya kukaa kando. Ikiwa uchungu huo aujua yeye peke yake, sisi tusioujua tuna wajibu gani? Swali hilo ndilo tutakalo kulizungumza hapa. Tunalileta mbele ya wasomaji wa mambo ya utamaduni, wala si mbele ya waganga peke yao, kwa kuwa tunasadiki kwamba jinsi taifa linavyomtunza mwanamke mwenye mimba, na yule ambaye sisi wa pwani humwita mzazi kwa maana ya aliyejifungua karibuni, ni jambo la utamaduni kabla ya kuwa jambo la dawa.

Tuanze na maneno. Kiswahili si maskini wa maneno ya huzuni. Tuna majonzi, simanzi, jitimai na kihoro. Na kwa moyo usiotulia tuna fadhaa na jakamoyo. Madaktari wetu wameteua neno sonona liwe jina la ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, na kwa maoni yetu wameteua vema, kwani kusonona ni kuumwa kwa ndani, mahali ambapo mkono wa mkandaji haufiki. Yafaa tutenganishe mambo. Wanawake wengi hulia ovyo siku chache baada ya kujifungua, nao wenyewe hawajui waliliacho. Hali hiyo aghalabu hupita yenyewe katika muda wa wiki mbili, na si maradhi. Sonona ni mzigo usioshuka. Chakula hakina ladha, usingizi hauji hata mtoto akilala, mama hujiona hafai, na pengine huwaza kwamba watoto wangekuwa salama zaidi kama yeye hayupo. Ndugu yake ni wasiwasi: mwanamke huamka mara kumi usiku kusikiliza kama mtoto anapumua, moyo wenda mbio mchana kutwa, na kila kikohozi ni msiba. Mara nyingi mambo haya huanza tangu mimba ingali tumboni, tena hakuna anayeyatazamia huko. Iko pia hali ya tatu, nayo ni nadra, ambayo mzazi hupotewa na akili kwa ghafla, akaona na kusikia yasiyokuwapo. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku ile ile, bila ya kungoja shauri la mtu.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ulimwenguni kote wanawake 10 katika kila 100 wenye mimba, na 13 katika kila 100 waliojifungua karibuni, hupatwa na maradhi ya akili, na kubwa lao ni sonona. Katika nchi zinazoendelea hesabu hupanda, ikakaribia 16 wakati wa mimba na 20 baada ya kujifungua. Maana yake ni kwamba katika kila wazazi watano tunaokwenda kuwapa hongera, huenda mmoja anaipokea hongera yetu huku anazama.

Sasa tutazame wazee wetu walifanya nini. Pwani, mzazi aliwekwa ndani siku arobaini, na ikiwa ni uzazi wa kwanza aghalabu alirudishwa kwa mama yake. Alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa kanga, akafukizwa, akanyweshwa uji wenye pilipili manga. Hakushika mtungi wala mwiko. Palikuwapo mtu maalumu wa kumwuguza, na mtoto akilia usiku haikuwa lazima ainuke yeye wa kwanza. Uchagani mzazi alilishwa mtori na kukaa ndani kadiri ya miezi mitatu. Na katika desturi za zamani, siku yake ya kutoka alivishwa shanga, akashikishwa fimbo kama wazee, akaenda sokoni pole pole huku akiimbiwa nyimbo wanazoimbiwa askari warudio vitani. Tumelifikiri sana jambo hili la nyimbo za vita. Watu wale walikuwa wameona kwamba kuzaa ni vita, na kwamba aliyerudi vitani hapokewi kimya kimya kana kwamba alikwenda dukani.

Wakati wa ukoloni, na hata baada yake, wako wasomi walioyaita hayo ushirikina na uvivu. Ni kweli kwamba baadhi ya sababu walizozitoa wazee hazikuwa sawa; mengi yalisemwa kwa kuogopa kijicho na mapepo. Lakini mtu aweza kutenda jambo la haki kwa sababu isiyo ya haki. Nyuma ya maneno yao palikuwa na ujuzi mmoja mzito: mwanamke huyu asiachwe peke yake. Apate usingizi, apate chakula kilichopikwa na mwingine, awepo mtu wa kumpokea mtoto. Wataalamu wa leo wanapoandika orodha ya mambo yanayomkinga mzazi na sonona, msaada wa watu wa karibu hautoki katika mistari ya mwanzo. Wazee wetu waliuweka msaada huo katika kalenda, ukawa si hisani ya mtu mwema bali deni la ukoo mzima.

Hata hivyo hatukukusudia kuandika sifa tupu, kwani utamaduni usiokosolewa na wenyewe hukosolewa na wengine. Arobaini ilimlinda mzazi mwili wake; moyo wake haukuulizwa. Tena mara nyingi nyumba aliyofungiwa ndiyo iliyokuwa chanzo cha jakamoyo lake. Msichana wa miaka kumi na sita aliwekwa ndani kwa mavyaa asiyempenda. Mwanamke aliyezaa binti wa tano alikandwa na watu walionuna. Aliyefiwa na kichanga aliambiwa asilie, atapata mwingine. Na juu ya yote hayo lilikuwako neno hongera. Nalo ni neno jema, Mungu atuepushe na siku ambayo watu wetu watazaa bila ya kupongezwa! Lakini jibu lake ni moja tu, nalo ni ahsante. Aliyepewa hongera hana mahali pa kusema kwamba anaona giza. Na hapa ndipo tunapoliona tatizo lenyewe la maadili: furaha ikishafanywa kuwa wajibu, huzuni hugeuka kuwa kosa, na mwenye kosa hujificha.

Tuliyaona haya kwa macho yetu mwaka 1986, tukiwa wavulana Tanga mjini. Dada yetu alijifungua salama, mtoto wa kiume, mzima. Nyumba ilijaa. Kuku walichinjwa, maji ya moto hayakukatika jikoni. Siku ya kumi na mbili hivi dada aliacha kula, akageukia ukuta, na mtoto akilia yeye hutazama dari tu. Ukumbini watu wazima walinong'ona. Huyu alisema ni jini, yule alisema ni husuda ya jirani, na mmoja, tunamkumbuka vizuri, alisema kwamba binti anadeka kwa kuwa amezoeshwa. Hapakuwa na hata mmoja aliyekosa huruma. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na kila mmoja aliitoa sababu hiyo mlango wa pili, mbali na masikio ya mwenyewe.

Ndipo alipokuja kungwi wake wa tangu unyagoni, bibi mwenye mguu mbovu. Aliwatoa watu wote chumbani, akafunga mlango, akakaa juu ya mkeka. Sisi tulikuwa barazani. Kwa muda mrefu hatukusikia neno. Kisha tukasikia kilio, wala si cha mtoto. Alirudi kila alasiri kwa muda wa wiki tatu. Mama alipomwuliza ampa dawa gani, alijibu, "Dawa sina, mwanangu. Nimemwuliza tu." Hatudai kwamba kuulizwa peke yake kulimponya dada yetu, alipelekwa hospitali pia, na ilichukua miezi mingi. Lakini yeye mwenyewe hadi leo huihesabu nafuu yake kuanzia alasiri ile, si kuanzia vidonge.

Wako watakaosema kwamba sonona ya uzazi ni maradhi ya kigeni, ya wanawake wenye nafasi, na kwamba bibi zetu walizaa kumi na kurudi shambani. Jibu la kwanza ni kwamba bibi zetu hawakuulizwa. Jibu la pili liko jirani, Uganda. Katika miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, aliwachunguza wanawake wa Kiganda wenye mimba, akakuta kwamba wapo wenye maradhi haya haya, na kwamba wenyeji walikuwa na jina la kale la wazimu wa uzazi, yaani amakiro, ambalo aliliandikia mwaka 1979. Miaka minane baadaye, yaani 1987, yeye pamoja na Jenifer Holden na Ruth Sagovsky walitoa huko Uskochi maswali kumi mafupi ya kumtambua mzazi mwenye sonona, maswali ambayo leo yametafsiriwa katika lugha nyingi za dunia. Basi mtu asituambie kwamba elimu hii ilishuka kwetu kutoka Ulaya. Mmoja wa waliotunga maswali hayo alikuwa amekwisha kuketi na wanawake wa Afrika Mashariki na kuwasikiliza.

Lakini jina lenyewe la amakiro latufundisha jambo jingine. Ilisadikiwa kwamba maradhi hayo huletwa na uzinzi wa wakati wa mimba. Fikiri sasa hali ya mwanamke aliyeanza kuhisi kwamba akili yake yayumba. Kusema "siko sawa" kulikuwa sawasawa na kuungama zinaa. Atasemaje? Nasi tusiwacheke Waganda, kwani kwetu jini na husuda hufanya kazi ile ile kwa upole zaidi: humwondolea mama lawama ya uzinzi, wakamwachia aibu ya kupagawa. Na neno jipya la mjini, kwamba mama huyu "hana uchungu na mwanawe", ni hukumu kali kuliko zote mbili. Kila jamii iliyoufanya uchungu wa mzazi kuwa ushahidi dhidi yake imepata ilichokitafuta, yaani ukimya.

Je, yaweza kuzuiwa? Zamani jibu lilikuwa la kubahatisha; leo tuna la hakika zaidi. Nchini Pakistan, mwaka 2008, Atif Rahman na wenzake walitoa habari za wanawake 903 wa vijijini walioingia katika sonona wakiwa waja wazito. Wahudumu wa afya wa vijiji, wanawake wenye elimu ya sekondari kama sisi tuandikao haya, walifunzwa jinsi ya kuwatembelea na kuzungumza nao kwa utaratibu. Miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa 23 katika kila 100 kwa waliozungumzwa nao hivyo, na 53 katika kila 100 kwa wale waliotembelewa kwa desturi tu. Hiyo ilikuwa tiba. Mwaka 2024 ikatoka habari nyingine, ya mji wa Rawalpindi katika nchi hiyo hiyo, nayo ni kinga hasa. Walichukuliwa wanawake wenye wasiwasi tangu mwanzo wa mimba, ambao sonona ilikuwa bado haijawashika, wakapewa mazungumzo sita: kulitazama wazo baya na kulipima kama ni la kweli, kutafuta wazo jingine, kulifanyia kazi, kumvuta mtu wa nyumbani awe upande wao. Wiki sita baada ya kujifungua, sonona ilikuwa imewapata 12 katika kila 100, ilhali kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida ni 41. Mjini Harare nako, tangu mwaka 2006, bibi wazee hufunzwa kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo mazito, wanawake kwa wanaume.

Tulipoyasoma hayo tulicheka kidogo peke yetu. Kungwi amerudi, na safari hii ana daftari. Tofauti ni kwamba huyu wa leo haongozwi na kipaji chake tu. Amefunzwa asihukumu, amefunzwa kutambua ni nani wa kupelekwa kwa daktari, na zaidi ya yote huanza mapema, mimba ikiwa changa, badala ya kungoja mzazi ageukie ukuta.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba maneno matamu hushibisha. Mwanamke anayepigwa hawezi kufundishwa kuwaza mema huku mkono ungali juu yake. Mwenye deni la dukani na sufuria tupu ana wasiwasi wa haki, na dawa ya wasiwasi wa haki ni haki yenyewe. Kwa hiyo kinga hii ina mlango wa nyumbani na mlango wa sheria. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Siku 84 ni arobaini mbili na siku nne juu yake. Pengine watunga sheria hawakuhesabu hivyo, lakini mshairi huhesabu mizani kila mahali. Baba amepewa siku tatu. Katika siku tatu mtu aweza kuleta kuni na kupokea wageni. Hawezi kumjua mkewe amekuwa nani baada ya kuzaa. Na wengi wa wanawake wetu, mkulima, mwuza vitumbua, mwokota mwani, hawana mwajiri wa kuwapa hata hizo. Likizo yao ni jirani zao, na mijini jirani huyo naye yuko mbioni.

Upande wa serikali liko jambo la kujivunia. Kwa hesabu za uchunguzi wa kitaifa, vifo vya wazazi vilikuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015 na 2016. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 vikawa 104. Hilo si dogo. Taifa limejifunza kumwokoa mzazi asife. Lakini kadi ya kliniki ina nafasi ya uzito, ya shinikizo la damu, ya wekundu wa damu. Mwenye moyo mzito hurudi nyumbani akiwa ameandikiwa kwamba yu salama. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba waja wazito na wazazi waulizwe hali za nafsi zao kama wanavyopimwa damu. Kwetu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa taifa ulizinduliwa mwaka 2024, wako karibu na milango ya watu kuliko daktari yeyote. Tunaomba tu kwamba swali hilo lisije likawa kisanduku cha kutiwa tiki. Tumekaa ofisini miaka mingi, twajua jinsi swali linavyokufa likishachapwa fomu. Anayeuliza huku mlango uko wazi na foleni imekodoa macho hajauliza.

Liko pingamizi la mwisho, nalo twaliheshimu. Wazee watasema kwamba mambo ya ndani hayatolewi nje, na kwamba staha ni nguo ya Mswahili. Ni kweli. Lakini siri ni kitu alichochagua mwenyewe kukiweka. Asiyepewa mtu wa kumwambia hana siri, ana kifungo. Kungwi yule wa Tanga hakutangaza lolote. Hadi amekwenda zake hatukujua dada yetu alimwambia nini, wala hatujui leo. Staha na kuulizwa vilikaa chumba kimoja bila ya kugombana.

Inatupasa kukiri jambo. Mwaka 2021 binti yetu alijifungua Dar es Salaam, uzazi wake wa kwanza, sisi tukiwa kazini Dodoma. Kila jioni tulipiga simu. Mtoto hajambo? Ananyonya? Ameongezeka uzito? Naye alijibu kila swali kwa adabu: hajambo, Baba, ananyonya, Baba. Tulikata simu tukiwa tumeridhika na nafsi zetu, tukijiona baba wa kisasa. Yalipita majuma matatu hivyo, mpaka mama yake akatuuliza kwa nini katika simu zote hizo hatujamwuliza yeye. Tulitafuta jibu la kumpa, hatukulipata; sisi tuliokaa barazani mwaka 1986.

Jioni ile tulipiga tena. Tukamwambia, "Mwanangu, mwache mtoto kwanza. Wewe u hali gani?" Hakujibu. Tulisikia feni yao inazunguka, na honi za magari barabarani, na sauti za wageni sebuleni waliokuja kutoa hongera. Tulidhani simu imekatika. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba, subiri nikafunge mlango."